Pande Mbili za Kisutu cha Dija

Usiku ule nililala nimenuniwa na mtoto wa miaka sita, na nawaambieni, hakuna nuno zito kama hilo. Zaina alinipa mgongo kitandani kwake, akajifunika gubigubi, nikamwita mara tatu asiitike. Na kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo kabla sijasimulia nilichokiota, sharti niseme tulivyoshinda mchana, maana ndoto ile ilitoka mlemle.

Ilikuwa Jumamosi. Huko kwenye nchi za baridi mtoto wa mfalme anaoa, na televisheni yetu inaonyesha tangu saa saba mchana. Mimi riziki yangu ni kukodisha vyombo vya harusi hapa Tanga: viti vya plastiki, maturubai, masufuria ya pilau, masinia. Kila kiti changu nimekitia alama ya rangi nyekundu kwa chini, visije vikahamia kwa watu. Basi mimi harusi siitazami kama mnavyoitazama nyinyi. Nyinyi mnamwangalia bibi harusi, mimi naangalia viti.

Vyombo vyangu vilishachukuliwa na wenye shughuli yao tangu Ijumaa, kilibaki kiti kimoja tu chenye ufa mguuni, kile kilichomwangusha Zaina siku ya Idi mpaka akang'oka jino la mbele. Kwa hiyo tukakaa chini kwenye mkeka, bakuli la bisi katikati.

"Mama, pilau yao iko wapi?"

"Hao hawali pilau."

"Sasa watu wote wale watakula nini?"

"Keki."

"Keki tu?"

"Keki tu."

"Maskini," akasema, akarudi kwenye bisi zake.

Kilichomuudhi zaidi ni ule ukimya. Bibi harusi anateremka kwenye gari la farasi, shela jeupe, mkia wa gauni mrefu unaburuzika nyuma ngazi hata ngazi, na hakuna hata mwanamke mmoja wa kupiga kigelegele. "Mbona wamenyamaza kama msibani?" Zaina akauliza. Nikamwambia basi tuwasaidie. Tukapiga vigelegele sisi wawili mpaka jirani yetu, Mama Shaibu, akachungulia dirishani. "Kulikoni huko? Mmeposwa?"

"Tumeposwa wote wawili!" nikamjibu. "Kalete udi!"

Tulikuwa tunacheka hivyo, wallahi tulikuwa na raha zetu, ndipo nikakiona kiti. Safu ya mbele kabisa, pembeni ya baba wa bibi harusi, kiti kitupu. Nikasema moyoni, mpangaji wa viti hapa kachemka. Lakini mtangazaji akaeleza kwamba kile ni kiti cha mama wa bibi harusi. Alifariki binti yake akiwa mchanga, nao wamemwachia nafasi yake.

Zaina akaacha kutafuna.

"Mamake alikufa?"

"Si umesikia."

"Sasa nani alikuwa anamwogesha? Nani alikuwa anamsuka?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kwao. Hebu watazame wale farasi, wamesukwa mikia!"

Farasi waliniokoa, lakini nusu saa tu.

Sasa niseme ambalo mtaa mzima unalijua na Zaina alikuwa halijui. Zaina sikumzaa mimi. Alizaliwa na mdogo wangu, Dija, na Dija alifariki mtoto ana siku kumi na tisa. Babake akaoa mbali, hupiga simu sikukuu. Mimi sikujaaliwa uzazi. Nilimchukua Zaina akiwa hawezi hata kuikaza shingo, akaanza kusema akaniita mama, nikaitika. Nimeitika miaka sita. Mama Shaibu alikwisha kunionya: "Mwambie mwenyewe kabla hajaanza darasa la kwanza. Watoto wa shule wana midomo." Nikawa namjibu kwamba mama mkubwa naye ni mama, kwa hiyo sijamdanganya mtu. Na huku kwetu ndivyo ilivyo, dada wa mama ni mama. Lakini nilijua kuwa najificha nyuma ya kidole. Nilikuwa naogopa. Kila nikisikia watu wakisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nahisi nasemwa mimi, na nilijua siku mtoto akijua, atanitazama kwa jicho jingine, ataniona mama wa kuazima.

Haya. Harusi ikaisha, Zaina akataka mkia wa gauni. Akaleta kisutu chake, akakifunga shingoni, akakiburuza chumba kizima. Kisutu ni kanga ya harusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, na tofauti na kanga nyingine, hakina maneno yoyote pembeni. Hicho analala nacho tangu mchanga, kimepauka mpaka wekundu umekuwa kama chai ya maziwa.

"Kifupi," akasema. Akaingia chumbani kwangu. Sikumfuatilia, nilikuwa jikoni. Nilipotoka nikamkuta ameketi mkekani, amefungua pande mbili za kisutu mbele yake. Mmoja ule wake uliopauka. Wa pili unang'aa, mwekundu kabisa. Alikuwa amechimbua mpaka chini ya sanduku langu.

"Mama, hiki cha nani? Tazama, vinaingiana."

Vinaingiana kweli. Dija alipewa doti ile siku ya harusi yake, na alipokaribia kujifungua akaikata. Mkasi haukuonekana haraka, na yeye kusubiri hajui, akaikata kwa kisu cha jikoni. Kata ikaenda upogo, katikati ikapinda kama mtu anayekwepa dimbwi. Hata kupinda pindo hakupinda. Upande mmoja niliufunga mimi mwenyewe tumboni mwake alipotoka kuzaa, ndio mkaja, kama afungwavyo kila mzazi. Wa pili ulikuwa uwe mbeleko ya kumbebea mtoto. Hakuwahi kumbebea. Siku ya mazishi yake mtoto alilia mchana kutwa, nikamfunga mgongoni kwa upande ule, akanyamaza. Ule mkaja niliufua, nikaukunja, nikauzika sandukuni.

Badala ya kumjibu mtoto, nikaukwapua. "Nani kakutuma kupekua sanduku langu? Eh? Una adabu wewe?" Nilimfokea kwa sauti ambayo sikuijua ni yangu. Zaina akanitazama. Hakulia. Akachukua upande wake, akaenda kulala bila kula.

Nami nikalala hivyo.

Nikaona televisheni inawaka. Niliizima mwenyewe na waya nikauchomoa, lakini inawaka, na mle ndani bado ni mchana. Kengele zinalia. Nikainuka niizime, mtoto asiamke, nikanyoosha mkono, mkono ukapita. Bega likapita. Nikajikuta nimesimama ndani ya jumba lile la harusi na kanga yangu ya kulalia, na watu wamejaa kimya na kofia zao.

Nikasema, la kwanza, viti. Nikainama nikageuza kimoja. Alama nyekundu. Cha pili, alama nyekundu. Ala! Vyote vyangu! Wafalme wa watu wamekalia viti vyangu vya plastiki. Bwana mmoja mnene mwenye medali kifuani amekalia kile chenye ufa, nikamnong'oneza, "Taratibu baba, hicho kitakutupa." Akaniinamishia kichwa kwa adabu, akahama.

Bibi harusi anaingia. Mkia wa gauni lake ni mrefu hauishi, na ninapoutazama vizuri naona ni kisutu, chekundu kinang'aa. Anapita karibu nami, ananukia asumini, hina imempanda mpaka viwikoni. Ni Zaina. Zaina mtu mzima, mrefu kunipita, na pengo lake la jino lipo palepale. Anatabasamu. Nataka kumwita, lakini jumba halipo tena, tuko uani kwetu, chini ya turubai langu la buluu, na wanawake wa upande wa bwana harusi wanaingia na sinia.

Nikajua wanaleta nini. Huku kwetu binti akiolewa, mama yake huletewa vitu viwili: mkaja, kwa ajili ya tumbo lililofungwa baada ya kumzaa, na ubeleko, kwa ajili ya mgongo uliombeba. Vitambaa viwili, na anayevipokea ni mmoja. Watu hawafikirii mara mbili. Mimi nimelifikiria sinia lile tangu Zaina anatambaa.

Wakasimama mbele ya viti viwili. Kimoja nimekikalia mimi. Cha pili kitupu.

"Mama wa bibi harusi nani?" mkubwa wao anauliza.

Nataka kusema ni mimi. Nikanyoosha mikono. Ubeleko ukaja, mwepesi, ukatua mapajani mwangu. Nikaushika mkaja. Mkaja hauji. Navuta, mzito kama godoro lililolowa, umeng'ang'ania sinia, na wale mawifi wananitazama. Kigelegele kilichokuwa kimeanza kule nyuma kikakatikia njiani. Na Zaina pale jukwaani, na hina yake, ananitazama jinsi alivyonitazama mchana.

"Sogea kidogo, dada. Umenikalia kanga."

Dija. Yuko kwenye kile kiti. Hakuingia, yupo tu, kama mtu aliyekuwa hapo tangu mwanzo nawe hukumwona. Umri wake uleule, nywele zimesukwa mabutu nusu, nusu bado, maana kusubiri hajui, alikuwa hamalizi hata kusukwa. Nilijua kuwa amekufa. Nilijua vizuri kabisa, lakini nilichokihisi ni furaha, na papo hapo hofu.

Nikakumbuka wazee walivyotufundisha, marehemu akikupa kitu usipokee. "Usinipe kitu, Dija," nikamwambia.

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Sikukuletea kitu. Nimefuata changu."

Jamani. Nilitoka pale kitini sijui kwa miguu ya nani. Turubai halipo, niko chumbani, nimemkumbatia Zaina, na Zaina ni mdogo tena, amelala, mzito, kisutu chake kilichopauka kimemzunguka. Nikampakata kwa nguvu. "Humchukui! Nasema humchukui! Mimi ndiye niliyekesha naye degedege. Mimi nimemtafunia chakula. Chukua vyote, chukua nyumba, chukua na viti vyangu, mtoto humchukui!"

Dija amesimama mlangoni. Hakukasirika. Ananitazama kwa huruma, namna alivyokuwa akinitazama tulipokuwa wadogo nikijikwaa mbele za watu.

"Si mtoto, dada," akasema. "Mkaja wangu."

Nikamlegeza mtoto kidogo.

"Umenifungia sandukuni miaka sita. Mtoto wangu hajui hata jina langu."

Nikalia. Nililia kwa sauti mle ndotoni, nikamwambia yote, kwamba naogopa, kwamba tumbo langu halijafungwa mkaja hata siku moja na kama si mtoto huyu nisingeitwa mama na mtu yeyote chini ya jua. Kwamba kila nikijaribu kulitaja jina lake mbele ya mtoto naona kama nampa mtu mwingine ufunguo wa nyumba yangu. Kwamba naona haya, kwa sababu nilimpenda Dija kuliko nafsi yangu, na bado nimemficha.

Akaja akakaa kitandani. Godoro halikubonyea. Akautazama uso wa mtoto muda mrefu, hakumgusa, mikono ameipakata mwenyewe kama mtu aliye mbele ya sahani isiyo yake.

"Ana pengo," akasema.

"Kiti chenye ufa. Siku ya Idi."

"Dada na viti vyako."

Tukacheka. Nilikuwa nimesahau namna tulivyokuwa tunacheka mimi na yeye, hata hatufungui midomo.

Kisha akaushika mkaja, sijui aliutoa wapi, akajifunga tumboni mwake, fundo kwa ubavu, vilevile nilivyomfunga mimi siku ile. Akauchukua ule upande uliopauka, akanizungusha, akanifunga mtoto mgongoni. Alikaza kweli. Uzito wa Zaina ukanikaa mgongoni, joto lake likanipenya mpaka kifuani.

"Huu wangu," akasema, akajigusa tumbo. "Huo wako. Mimi nilimbeba miezi tisa, wewe umembeba miaka sita. Unaogopa nini?"

Nikarudisha mikono nyuma, nikamshika mtoto.

"Mwambie, dada. Kisutu hakina maneno. Maneno unayo wewe."

Nikageuka nimshike mkono. Kengele zikalia tena, mbali, na Dija yuko ndani ya televisheni, mdogo kama kidole, anatembea kwenye lile zulia jekundu na mabutu yake nusu. Akafika safu ya mbele. Akakaa kwenye kile kiti kitupu, akatengeneza kanga yake, akatazama mbele kama mgeni mwalikwa.

Nikaamka.

Mwadhini alikuwa anaadhini. Uso umelowa, na mgongo unaniuma, na ule uzito bado upo, kweli kweli upo. Nikapeleka mkono nyuma. Ni Zaina. Alikuwa ametoka kitandani kwake bila kunishtua, akaja akanilalia mgongoni, mdomo wazi, mate yake yamenilowesha bega. Nuno lilikwisha kumtoka bila kuniarifu. Sikujitikisa. Nililala vilevile kifudifudi mpaka kukapambazuka.

Tulipokwisha kunywa chai nikamwambia, "Lete kisutu chako." Akanitazama kwa wasiwasi. Nikaenda mwenyewe sandukuni, nikautoa ule upande mwingine, nikautandika mkekani mbele ya televisheni iliyozimwa. "Haya, viunganishe." Akavisogeza polepole, akazifuata kingo mpaka pale pa kukwepa dimbwi, zikaingiana.

"Jana umeniuliza cha nani. Ni cha mama yako, anaitwa Dija. Ni mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuzaa, akakutazama siku kumi na tisa, akafa. Hiki kilifungwa tumboni mwake. Mimi sikukuzaa, Zaina. Mimi nilikubeba, kwa hiki chako." Nilisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu, kisha nikangoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile.

Zaina alikuwa anapitisha kidole kwenye ile kata.

"Mbona alikata vibaya?"

"Alikuwa hana subira."

"Kama mimi?"

"Kama wewe kabisa."

Akacheka, pengo lote nje. Kisha akafikiri. Akauliza kama Dija alikuwa mzuri, nikasema mzuri sana. Akauliza kama alikuwa anajua kupiga vigelegele, nikamwambia mtaa mzima ulikuwa unaziba masikio. Halafu akasimama, akafunga fundo la kuunganisha zile pande mbili, akajitia shingoni, akatembea mpaka mlangoni. Alipogeuka kutazama, mwisho wa kisutu bado uko miguuni pangu.

"Mama," akasema.

Bado ni mama.

"Mama, mkia wangu mrefu kuliko wa yule wa jana. Piga kigelegele!"

Nikajaribu, kikatoka kilio. Akaja mbio akanifuta uso kwa kisutu, kwa upande ule unaong'aa, kwa nguvu, kama ninavyomfuta yeye.

"Siku ya harusi yangu," akasema huku ananifuta, "Mama Dija tumwekee kiti."

"Tutamwekea."

"Kando yako."

"Kando yangu."

Akafikiri tena kidogo.

"Lakini si kile chenye ufa," akasema. "Asije akaanguka."